Nakala ya Leseni

Fundi wa mashimo ya choo alikuwa amekaa ndani ya basi, nyuma ya wanawake wawili wasiojuana, bahasha yake ameilaza kitini. Alisikia kila neno, maana masikio hayana mfuniko.

"Shimo letu limejaa," alisema mwenye miwani. "Natafuta fundi mwenye leseni, sitaki wa vichochoroni."

"Hata sisi tulidai leseni, dada," alijibu mwenzake, aliyevaa nguo nyeusi. "Jamaa akaleta nakala. Nikapiga simu ofisini, wakasema ni halali. Akafunua shimo, akaingia papo hapo, hakutoka. Mume wangu akamfuata kumwokoa. Naye hakutoka."

"Pole sana. Lakini si mngelinganisha picha?"

"Picha ipi? Ilikuwa nyeusi tii. Msibani ndipo nikaambiwa leseni ni ya mtu mwingine, huwagawia vibarua wake nakala."

Mwenye miwani hakuridhika. Wasiofiwa huwa na ushauri mwingi. "Mngedai na kitambulisho."

"Tungedai mengi. Sasa namtafuta mwenye leseni, nimuulize jambo moja tu. Aliwaambia kwamba shimo hufunuliwa mapema, hewa mbaya itoke kwanza?"

Fundi alijaribu kukumbuka. Alichokumbuka ni kuwaambia wasiloweshe karatasi.

Basi liliposimama akashuka, ingawa kwake kulikuwa bado mbali. Mwenye nguo nyeusi akamwita dirishani. "Kaka, umesahau bahasha yako."

Aliipokea ameinamisha kichwa. Nakala sita zilizokuwa ndani bado zilikuwa na joto la mashine.