Annuarite Byamungu, Aliyepima Mara Mbili (1984–2026)

Marehemu alikuwa na sheria moja: kipimo hujaribiwa kabla ya kazi na baada ya kazi, mbele ya macho ya anayetia sahihi. Aliivunja mara moja tu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Baraka, Fizi, mashariki mwa Kongo. Alimaliza sekondari Uvira mwaka 2004, akafika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mwaka 2008, na mwaka 2013 akapata diploma ya maabara mjini Lilongwe. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na ndugu Patient Kalala, akaajiriwa katika maabara ya binafsi, wakahamia mtaa wa Area 36 mjini humo.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza vipimo vidogo vya oksijeni. Kwa leza alichimba kishimo kwenye ncha ya uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele, akatia humo rangi inayong'aa nyekundu. Oksijeni ikiongezeka, mwanga hufifia. Ndivyo walivyojua seli hai zinavyopumua. Hata nyumbani alionja chumvi ya maharage mara mbili, mpaka binti yake Nella akamuuliza, "Mama, na maharage inapimwa?" Akajibu, "Hii imepikwa na baba yako. Njo maana."

Oktoba 2024 mwenzake wa kazi, aliyekuwa msimamizi wa ndoa yao, alimletea daftari. "Mama Nella, mi nimeshapima ya pili. We tia sahihi tu, baiskeli ya kabaza inaningoja inipeleke nyumbani."

Alitia. Jaribio la pili, lile la baada ya kazi, halikuwa limefanywa. Rangi ilikuwa imechakaa kwa mwanga wa siku nyingi, ikaonyesha oksijeni isiyokuwepo, na utafiti wa miezi sita ukatupwa. Mkuu wa maabara alipouliza ni nani hakupima, msimamizi yule wa ndoa alitazama meza. Marehemu alifukuzwa. Nafasi yake alipewa ndugu huyo, na leo ameketi hapa pamoja nasi.

Alirudi Dzaleka akawa anashona nguo. Ugonjwa wa moyo ulimpata Agosti 2025. Hospitalini, walipombana kidole kwa kifaa cha kupimia oksijeni, alimshukuru muuguzi kwa Kichewa, "Zikomo, sista. Sasa jaribu na kidole kingine." Namba zilikuwa sawa, naye akatulia. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Februari 2026.

Ameacha mume, watoto wawili, Nella na Lévi, na mimi kaka yake. Mungu ampe pumziko alilonyimwa na watu. Sahihi ile ilimgharimu kazi ya miaka kumi, na jina lake halijasafishwa hadi leo tunapomzika.