Mama Kiberiti, Aliyeifanya Boroni Ishike Moto

Mpendwa mama yetu, ambaye kazini na mtaani wengi mlimwita Mama Kiberiti, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuguzi.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, ambako aliadhibiwa kwa kuunguza pazia la maabara na mwaka huohuo akaongoza darasa katika kemia. Alihitimu chuo kikuu mwaka 1977.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa fueli za roketi. Akakabidhiwa boroni, poda ya kahawia ambayo wenzake walikuwa wameikatia tamaa. Ina joto jingi ndani yake, lakini ni mbishi kuwaka: kila chembe hujifunika ganda linaloyeyuka na kuizibia oksijeni. Mama aliamua kuzivika chembe hizo chumvi ambayo ikipata moto hutoa oksijeni yenyewe. Kwa miaka mingi poda iligandana mabonge, au iliwaka kidogo ikazima.

Mei 1988 wakubwa walikuja kuamua kama mradi ufungwe. Asubuhi hiyo Mama aliipima poda, akakuta bado ina unyevu.

"Washa hivyohivyo," mkuu wake alimsihi. "Wageni wameshakaa."

"Wakae tu, bosi. Nikiiwasha haijakauka itazima, na mtasema njia yenyewe ndiyo mbovu. Leo siwashi."

Alitoka mwenyewe kuwaambia wageni. Waliondoka wamenuna, naye akarudi nyumbani akijua huenda amejifukuzisha kazi. Walirudi wiki iliyofuata. Safari hii poda ilishika papo hapo, mwali wa kijani ukajaa kwenye dirisha la chemba ya kuchomea, na ikawaka mpaka ikaisha. Mradi haukufungwa. Mkuu wake, ambaye tunaye hapa leo, husema yeye ndiye aliyepiga kelele wa kwanza. Mama alilikataa hilo hadi mwisho.

Alifunga ndoa na baba yetu tarehe 12 Desemba 1981. Baba ni fundi vioo, na alikuwa akiitwa maabara kubadilisha dirisha la chemba kila lilipopasuka. Alipoitwa mara ya tatu aliuliza, "Dada, hivi unavunja makusudi?"

"La kwanza hapana," Mama akajibu.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Aliendelea kufundisha chuoni, kazi aliyoishika baada ya kustaafu maabara, kila alipopata nafuu, na hospitalini aliwahoji wauguzi mpaka mmoja akamwambia, "Mama, leo tuachie sisi tuulize." Alifariki tarehe 14 Agosti 2023, Baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mkubwa, na wanafunzi wengi ambao leo ndio wanaoendesha maabara ile.

Mungu amlaze pema mama yetu. Kazi aliifanya, na aliifanya vizuri.