Ua wa Kuku wa Nurdini

Asubuhi ile Nurdini, fundi seremala wa Mtendeni, alifika kijiweni viatu vimejaa tope hadi kwenye kamba, akaomba kahawa kabla hata ya kuitikia salamu. Mtetea wake mwekundu, mama wa vifaranga, alikuwa amekutwa amekufa uani. Mvua zilikuwa zimeugeuza ua wa kuku kuwa jaruba la mpunga, na kuku waliobaki walisimama wamejikunyata, wakikohoa. Mkewe, Shukrani, alishasema: ua ukauke, la sivyo kuku wote waende sokoni. Kwenye benchi walikuwapo Modest, jirani yake wa nyuma ya nyumba, aliyeitwa Injinia tangu alipochanganya zege la kanisani, na Yoramu wa Goweko, mkulima wa tumbaku, ambaye wote walimwita Bwana Shamba.

— Nimemwaga maranda yote ya karakana, Nurdini alisema. Juzi tu! Leo yamekuwa uji.

— Maranda! Injinia akacheka. Unamtandikia mtu kitanda bwawani? Piga zege, kaka. Zege na nondo.

— Zege litawachubua nyayo, Bwana Shamba akadakia. Kuku lazima achakure. Mnyime kuchakura uone atakavyodonoa wenzake. Weka pumba za mpunga.

— Pumba zinaelea, mzee wangu! Injinia akapinga.

— Basi panda ukoka.

— Ukoka? Nurdini akaguna. Wale wangu wataumaliza kabla sijaushusha kwenye toroli.

— Mabua ya tumbaku, basi! Yakaushe, yakatekate, tandaza. Utitiri wote utahama mtaa.

— Na mayai yanuke sigara!

Benchi zima likaangua kicheko. Nurdini naye akacheka. Injinia akasimama, kikombe mkononi.

— Lami! Lami yenye mteremko, kama barabara ya Igunga. Maji yakigusa tu, yameondoka.

— Jua likiwaka je? Bwana Shamba akauliza. Utakuwa unauza kuku wa kukaanga walio hai! Hapana. Jenga ghorofa. Sakafu ya wavu, kuku waishi hewani.

— Na lifti uwawekee!

— Wallahi ghorofa naliweza, Nurdini akasema, macho yamemtoka. Mbao ninazo. Nguzo nane, ngazi ya kuzunguka...

Alikuwa ameshaanza kuchora mchangani kwa kidole Leonia, msichana wa mtaani, alipofika, amemletea kigoda kilichovunjika mguu akitengeneze.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti, Nurdini akaitikia. Subiri kidogo, tuna mradi hapa.

Leonia akautazama mchoro, akasikiliza habari za ghorofa mpaka mwisho.

— Samahani, baba. Hayo maji yanaingilia wapi?

Injinia akamtazama Bwana Shamba. Bwana Shamba akatazama ndani ya kikombe.

— Yanatoka juu, Nurdini akasema hatimaye.

— Juu kwa nani?

Matone mazito yakaanza kupiga bati la muuza kahawa. Nurdini akaweka kikombe chini, akatoka mbio, na wenzake nyuma yake, kanzu na makoti mikononi.

Uani walimkuta Shukrani mlangoni, vifaranga amewafumbata kwenye khanga. Alinyoosha kidevu tu kuelekea ukutani. Kwingine kote mvua ilinyesha kama mvua. Pale kwenye kona, maji yalimiminika mkupuo mmoja kutoka kwenye paa jipya la Modest, paa lisilo na mfereji, yakatua katikati ya ua wa kuku.

Modest akasimama akilitazama paa lake kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

— Nurdini, ndugu yangu. Yule mtetea...

— Lete ngazi, upande, Nurdini akamwambia.

Mbao mbili zikagongelewa ukingo kwa ukingo kuwa mfereji, zikafungwa chini ya paa, mvua ikiwapiga migongoni, Bwana Shamba akipiga kelele za maelekezo ambayo hakuna aliyeyafuata. Maji yakasita, yakageuka, yakaanza kuteremkia barabarani. Modest akapiga ukelele wa shangwe kule juu. Shukrani akainama, akafungua khanga, akawaachia vifaranga.