Tuta la Mwisho Juu ya Paa

Mama Sufuria: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Bi Bustani: Wifi, ni mimi. Nimeazima simu ya muuza mbegu, yangu imezima. Salio lake ni dogo, kwa hiyo—

Mama Sufuria: Kumbe Bi Bustani mwenyewe. Nikadhani wale wanaouza bima. Za huko?

Bi Bustani: Nzuri. Wifi, nisiki—

Mama Sufuria: Nzuri gani, na sauti kama umekimbizwa na mbwa? Mbegu umepata?

Bi Bustani: Nimepata. Wageni wamefika?

Mama Sufuria: Kitambo. Watalii ishirini na wawili. Mtembezaji wao kawapandisha moja kwa moja mpaka kwenye bustani yako juu ya paa. Wamechuma kwa mikono yao, kila jani linapigwa picha. Sasa wamekaa hapa chini kibandani kwangu. Ngoja niteme mate.

Bi Bustani: Wamechuma wapi?

Mama Sufuria: Si bustanini? Huku sokoni hakuoti kitu ila maneno.

Bi Bustani: Nauliza tuta gani.

Mama Sufuria: [mikwaruzo] Unakatika. Nini?

Bi Bustani: Tuta. Tuta gani.

Mama Sufuria: Ya mbele si yaliisha jana? Tumechuma lile la mwisho, la majani ya saladi, karibu na kamba za nguo. Yamenawiri, wifi, sikufichi. Juzi yalikuwa yamejaa wadudu, leo humwoni hata mmoja. Nimewaambia wageni wifi yangu ana mkono wa baraka. Haloo? Upo?

Bi Bustani: Nilikwambia lile usiliguse.

Mama Sufuria: Ulisema linapumzika. Limepumzika siku mbili. Mimi tangu niolewe na kaka yako sijawahi kupumzika siku mbili.

Bi Bustani: Wamekula?

Mama Sufuria: Bado. Bakuli ziko mezani, mtembezaji anamalizia hotuba. Unamjua, akishika maneno hayaachii. Mbona unahema?

Bi Bustani: Waambie wasile.

Mama Sufuria: Wasile nini?

Bi Bustani: Hayo majani. Sema lolote. Sema yana mchanga.

Mama Sufuria: Mchanga si unaoshwa? Wifi, watu wametoka ng'ambo kuja kula walichochuma wenyewe, na vibanda vyote vinanitolea macho. Siwezi kuwanyang'anya— ngoja niteme tena. Sijui leo mate haya yanatoka wapi.

Bi Bustani: Mate?

Mama Sufuria: Yananijaa kama mwenye mimba changa. Na jasho. Ni hili jiko tu. Haya, sema, tuta lina nini?

Bi Bustani: Kuna watu hapo ulipo?

Mama Sufuria: Niko sokoni, nitakosaje watu?

Bi Bustani: Sogea pembeni.

Mama Sufuria: Nimesogea. Nimesimama chini ya kibao chetu. Sema.

Bi Bustani: [mikwaruzo] —piga dawa.

Mama Sufuria: Umefanyaje?

Bi Bustani: Nilipiga dawa ya wadudu. Juzi jioni. Walikuwa wanamaliza kila kitu, na wageni ndio hao wanakuja. Nikajua siku mbili zinatosha, nikajua—

Mama Sufuria: Wewe. Wewe uliyeandika kibao hiki kwa mkono wako. "Mboga zetu hazijui dawa." Soko zima linaishi kwa kibao hiki. Vibanda arobaini.

Bi Bustani: Ndiyo maana sikusema. Niliogopa.

Mama Sufuria: Ukaona heri unidanganye mimi, unayekula nami sahani moja?

Bi Bustani: Nina kosa. Lakini sikiliza. Nimekuja na boksi tupu la ile dawa ninunue nyingine. Muuza mbegu kalisoma, akaniuliza nina shamba la pamba. Ni dawa ya pamba, wifi. Haipigwi kwenye kitu cha kuliwa. Amebadilika uso. Acha mambo ya mchanga. Sema kweli. Sema ni mimi.

Mama Sufuria: Nikisema hivyo, soko limekufa leo.

Bi Bustani: Na life. Muuaji ni mimi.

Mama Sufuria: Usikate. [mbali na simu] Jamani, wekeni chini. Wote, wekeni bakuli chini. Mtembezaji, waambie wasile, majani yana sumu. Ndiyo, haya yetu. Yamepigwa dawa. Nimesema yetu, unataka niseme mara ngapi? Mwambie na yule bibi atoe uma mdomoni. Wanawe mikono kwa sabuni. [viti vinaburutwa, watu wanazozana]

Bi Bustani: Wifi? Kuna aliyekula?

Mama Sufuria: Anawauliza mmoja mmoja. Yule bibi hakuwa ametafuna. Wengine hawajagusa.

Bi Bustani: Mungu mkubwa. Mungu mkubwa, wifi, nilikuwa naona—

Mama Sufuria: Wifi.

Bi Bustani: —naona jela, naona maiti—

Mama Sufuria: Wifi, umesahau tunavyofungua meza? Mpishi anakula kwanza, mbele yao. Wewe ndiye uliyebuni, ili wageni waone hatuna la kuficha. Nimekula viganja viwili, mabichi. Wakanipigia makofi.

Bi Bustani: Lini?

Mama Sufuria: Hotuba ilipoanza. Kama nusu saa hivi. Na sasa... hiki kibao nakiona ukungu mtupu.

Bi Bustani: Usisubiri. Mtembezaji ana gari, akukimbize hospitali sasa hivi. Chupa iko juu ya paa, chini ya ndoo niliyoipindua. Waende nayo, daktari asome jina.

Mama Sufuria: [mbali na simu] Chini ya ndoo, juu huko. Kimbia. [kwenye simu] Nimekaa chini, wifi. Miguu inatetemeka yenyewe. Kaka yako usimwambie kwa simu.

Bi Bustani: Utamwambia mwenyewe. Utamwambia dada yake hana akili.

Mama Sufuria: Hilo... analijua.

Bi Bustani: Nakodi pikipiki, nakuja. Muuza mbegu ananionyesha, salio linakwisha. Endelea kuongea. Ongea lolote.

Mama Sufuria: [mikwaruzo]

Bi Bustani: Wifi? Nitukane basi. Nitukane, nisikie tu kama u—

[simu imekatika]