Anza na Lako: Maisha ya Nelius Ciakuthii, Mama Mukiri (1971–2024)

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Cicily, nyumbani Kibirichia, Jumatano tarehe 14 Agosti 2024.

Nelius Ciakuthii alizaliwa tarehe 9 Juni 1971 karibu na Kianjokoma, Embu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Munyi Njura na marehemu Mama Ciambaka, wakulima wa chai. Kamati ya mazishi ilitaka tuandike kwamba alikuwa mtoto mpole na mtiifu. Hakuwa. Alikuwa na mdomo tangu utotoni, na waliomjua wasijifanye leo kwamba wamesahau.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, na darasa lake ndilo lililokuwa la kwanza kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985. Asubuhi moja ya ukungu alivaa viatu gizani akakimbia. Alipofika paredi akatazama miguu yake, kicheko kikamshinda. Mwalimu wa zamu akamwita mbele. "Wewe Nelius, hebu tuambie na sisi tucheke." Akainua mguu mmoja, kisha mwingine. "Mwalimu, nimevaa vya kushoto viwili. Cicily amebaki nyumbani na vya kulia viwili, na mama amemwambia akimbie asichelewe." Shule nzima ilicheka, mwalimu naye akacheka nyuma ya rejista, halafu akamchapa. Cicily alifika saa nne, na hadi leo hakuna aliyemwomba msamaha.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1989. Mwaka 1991 alikuja Meru mjini akapata kazi ya keshia katika bucha moja pale Makutano. Hapo ndipo Salesio Muthamia, mkulima wa viazi wa hapa Kibirichia, alipoanza kununua matumbo kila Jumamosi bila kukosa. Baadaye ilijulikana kwamba Salesio hali matumbo. Mbwa wake walinenepa hadi majirani wakauliza. Wawili hao walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Agosti 1995, na Mungu akawabariki na watoto wawili, Mukiri na Nyamu. Mwaka 2003 Nelius alifungua hoteli yake ndogo karibu na soko la Gakoromone: chai, chapati, githeri, na mukimo siku za Ijumaa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi mlimjulia. Wengine watawaambia kwamba alianzisha jioni za maiki, za wateja kusimama hotelini na kuchekesha wenzao, kwa sababu alipenda kuchekesha. Si kweli. Alizianzisha kwa sababu ya kichefuchefu. Mwaka 2013 alikuwa kwenye harusi ambapo mshereheshaji alimwinua mama mmoja mnene, akamzungusha mbele ya wageni kama ng'ombe wa mnada, na wageni wakacheka na wali mdomoni. Juma hilohilo, kwenye televisheni ya hoteli, wachekeshaji walikuwa wakiigiza Mmeru, na kama kawaida Mmeru huyo alikuwa na panga, hasira na shavu la miraa. Nelius aliizima. Wateja wakanung'unika. "Nung'unikeni," aliwaambia. "Mtu hajawahi kujicheka hata siku moja, nani amempa ruhusa anicheke mimi? Kama ni kucheka, tutajicheka wenyewe, na chai niuze."

Jioni ya kwanza ilikuwa Jumatano, tarehe 12 Machi 2014. Aligeuza ubao wa bei za chakula, akaweka chaki, na kutangaza sheria zake. Anayetaka maiki anaandika jina na kungoja zamu, awe daktari au mbeba magunia. Kabla hujamgusa mtu mwingine, unaanza na lako: jambo lako mwenyewe linalokutia aibu. Muda wako ukiisha, kifuniko cha sufuria kinagongwa, na unashuka hata kama hujamaliza. Waliojiandikisha jioni hiyo walikuwa watatu, mmoja wao Salesio, aliyesimulia habari za matumbo. Ndiyo mara ya kwanza watu wa Meru kujua kwa nini mbwa wake walikuwa wanene.

Walikuja wengine. Walikuja wafungaji wa miraa kutoka Laare, wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Timau wakinuka dawa, walimu, mafundi. Ireri, kijana aliyekuwa akipanda gari kutoka Embu kila Jumatano, alipewa ubao wake mwaka 2017 aanzishe jioni za kwao, na Nelius aliubeba mwenyewe hadi Embu kuhakikisha sheria zimeandikwa juu yake. Bora kuliko wote alikuwa Kithaka wa Laare. Nelius alimfundisha mahali pa kunyamaza, mahali pa kushusha sauti, namna ya kungoja kicheko bila kukikimbiza. Alimpenda kama mwanawe, na hilo hakulificha.

Kisha ukaja mwaka 2022, mwaka wa uchaguzi, na uchafu wake. Mwanasiasa mmoja, ambaye hatutamtaja kwa sababu kutajwa ndicho chakula chake, alifika hotelini Jumatano moja na kundi lake. "Mama, mheshimiwa ana haraka, atasema mbili tatu kwanza," msaidizi wake alisema. Nelius hakuinuka. "Foleni inaanzia kwa ubao. Aandike jina. Akingoja anywe chai, na aanze na lake kama watu wote." Waliondoka wakibamiza mlango.

Wiki iliyofuata mheshimiwa aliwachukua Kithaka na wenzake wawili, akawavisha fulana za rangi yake na kuwapandisha kwenye lori sokoni. Kazi yao ilikuwa kumcheka mpinzani wake, Mwalimu Teresia, mjane asiye na mtoto. Walisema nyumba yake haina wa kulia wala wa kukohoa, hata panya wamehama kwa upweke. Soko zima lilicheka. Baadhi yenu mlikuwapo. Baadhi yenu mmekaa hapa mbele na leso mikononi.

Nelius alikuwapo pia, na kabichi kwenye kikapu. Alitema mate chini, akaiacha ile kabichi, akarudi hotelini. Alifuta ubao kwa kitambaa chenye maji na kuugeuza ukatazama ukuta. "Nimewafundisha mahali pa kunyamaza ili watu wacheke," alimwambia mdogo wake. "Na hapohapo ndipo wamemtukania mjane. Cicily, walifanya vizuri! Hiyo ndiyo inanitapisha." Mheshimiwa alishinda kiti, na jioni za Jumatano zikawa kimya.

Baada ya uchaguzi Kithaka alikuja, ameishiwa fulana na marafiki. "Mama, hiyo ilikuwa kazi tu. Si unajua mambo ya kampeni." Nelius alimwekea chai. Kisha akatuma aitwe Mwalimu Teresia, akaugeuza ubao, akasema maneno mawili matatu: "Andika. Anza na lako." Kithaka alisimama mbele ya yule mjane akaeleza jinsi mama yake kule Laare alivyomwona juu ya lori, na tangu siku hiyo anampakulia chakula lakini hamwamkui. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza, Mwalimu Teresia alichukua chaki akaandika jina lake. "Ni kweli nyumba yangu ni kimya," alisema. "Usiku nasikia hata viazi vikiota. Vinanisengenya." Watu walicheka hadi wakafuta machozi, naye akacheka nao, na jioni za Jumatano zikaanza tena. Wale wenzake Kithaka wawili hawakurudi. Wako kwenye lori mpaka leo.

Mapema mwaka 2023 chakula kilianza kumkwama Nelius kooni. Hospitalini Meru iligunduliwa kwamba ana saratani ya koo, na baada ya matibabu marefu alikuwa akilishwa uji kwa mpira. Jumatano tarehe 17 Julai mwaka huu aliandika jina lake ubaoni kwa mara ya mwisho. Sauti ilikuwa imekwisha, kwa hiyo alimnong'oneza Mukiri, naye Mukiri akasema kwenye maiki: "Mimi ndiye mwenye hoteli ambaye hawezi kumeza chakula chake mwenyewe. Wateja walikuwa wakiniambia tangu mwaka 2003. Samahani, mlisema kweli." Alifariki Jumanne tarehe 6 Agosti 2024, Salesio akiwa amemshika mkono.

Kabla jeneza halijanunuliwa, mheshimiwa alikuwa ameshatuma mahema na spika, kila moja na jina lake. Kamati nayo ilileta rasimu ya programu ya mazishi: picha ya mheshimiwa ikijaza ukurasa wa pili, meno yote nje, na ya marehemu ikiwa ndogo kama stempu. Familia iliona kinyaa, na inasema hivyo mbele yenu wote. Rasimu ilikwenda jikoni kuwashia moto. Mahema yalirudishwa. Ndiyo maana mmekaa kwenye benchi za hoteli na jua linawachoma.

Nelius ameacha mume wake, Salesio Muthamia, watoto wake, Mukiri na Nyamu, mjukuu mmoja, kaka yake Ndwiga na mdogo wake Cicily, Mwalimu Teresia, Kithaka, Ireri, na wote waliowahi kuandika majina yao kwa chaki, Meru na Embu.

Watu wa mheshimiwa wamepiga simu kuuliza atazungumza saa ngapi. Jibu ni hili. Ubao uko kando ya jeneza. Mwalimu Teresia ameandika jina la kwanza, Kithaka la pili. Aandike lake chini yao na angoje. Akipewa maiki, aanze na lake. Kifuniko cha sufuria anacho Mukiri.

Dada yetu alimaliza zamu yake bila kugongewa. Mungu ampumzishe kwa amani.