Siku Niliyomsahau Akai

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Ejok noi kwenu nyote mliofika asubuhi ya leo. Mimi ni Mama Ekal, mnanijua. Ni yule aliyekuwa akisimama kando ya mchungaji hapa Lodwar, yeye akihubiri kwa Kiswahili, mimi nikiweka kwa Kiturkana.

Mnajua pia kwamba nilipata kiharusi. Nilikuwa na presha na sukari, na dawa niliziacha mwenyewe kwa sababu nilijisikia mzima. Tumbaku nayo nimetafuna tangu ujana. Asubuhi moja mdomo ukapinda, mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi. Mliniombea, nikatembea tena, mkapiga makofi hapa hapa.

Ndugu zangu, siku ile mkishukuru, mimi nilikuwa nimeshaanza kuficha. Miguu ilirudi, akili haikurudi yote. Nilitia chumvi kwenye chai. Nilisimama hapa, mchungaji akasema "neema", na neno la Kiturkana nililolitumia miaka mingi likawa halipo. Nikasingizia koo. Baba Ekal akiniuliza, nilisema niko sawa. Kanisa lilikuwa limetangaza kwamba nimepona. Niliogopa kumwaibisha Mungu.

Kisha nikaenda Kakuma kumwona dada yangu, pamoja na mjukuu wangu Akai, mtoto wa miaka minne. Siku ya kurudi nilimketisha stendi, nikaenda kununua maji. Nikapanda gari, nikaja Lodwar. Niliingia nyumbani nimetulia kabisa, nikaketi.

Baba Ekal akauliza, "Akai yuko wapi?"

Nikamjibu, "Akai gani?"

Uso wake sijausahau, mimi ninayesahau kila kitu.

Alimpigia dada simu, dada akakimbia stendi. Akai alikuwa na mama mmoja Mkongomani anayeuza vitenge pale karibu, akinywa chai. Kesho yake nilienda kumchukua, nikampigia magoti yule mama. Akaniinua. "Mutoto alilia kidogo tu," akasema. "Lakini wewe, mama, uende kwa munganga." Kwao munganga ni daktari.

Dada akanipeleka kliniki. Daktari alinipa maneno matatu niyashike: ngamia, mlango, mvua. Tukaongea kidogo, akayauliza. Nilikumbuka ngamia tu. Nikangoja aniambie nimerukwa na akili. Akasema, "Mama, kiharusi kiligusa kumbukumbu pia. Usiposhika dawa za presha na sukari, kinaweza kurudi, na kikachukua zaidi."

Nililia, lakini si kwa huzuni. Kitu nilichopigana nacho peke yangu kumbe kinajulikana. Nikamweleza Baba Ekal yote. Hakunigombeza. Sasa dawa ananipa yeye, tumbaku nimeacha, na sitoki na mtoto peke yangu.

Bwana hajanirudishia yote. Kuna maneno ambayo huenda hayatarudi. Lakini alimtunza Akai kwa mikono ya mgeni, na akanitoa katika uongo niliousema kulinda heshima yake, kazi ambayo yeye hakunituma. Namshukuru.

Kama umeacha dawa, au una mzee nyumbani anayerudia swali moja na mnamcheka, mwamini Bwana kiasi cha kusema ukweli. Baada ya ibada nitakuwa pale mlangoni. Njoo tuongee. Nikisahau jina lako, niambie tena.