Ndimu Niliyoitia Kwenye Mafuta ya Bibi Harusi

Mama zangu, shikamooni. Wa rika langu, hamjambo. Naomba mniruhusu nisome kutoka kwenye daftari hili, maana nikiinua macho nikaona mlivyo wengi, maneno yatanikimbia. Mimi ndiye yule wa kikundi chetu hiki cha sabuni na mafuta, anayekaa karibu na mlango na kuosha masufuria. Wengi wenu mnanijua kwa mgongo.

Nawaambia ukweli, kwa kusema mimi ni hafifu, lakini pua ninayo. Tangu mdogo nikimenya chungwa nabinya ganda karibu na uso ili lile vumbi la mafuta linirukie. Nilipokuwa kidato cha pili nikaanza kuyatoa mwenyewe. Nilikuwa naparuza maganda ya ndimu, nayakamua kwa kitambaa, nangoja mafuta yaelee, kisha nayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ndimu za kikapu kizima zilinipa kijiko kimoja. Nilikificha kwenye kichupa chini ya godoro.

Mwaka ule dada yangu aliposwa, tukamweka ndani kama desturi yetu, asipigwe na jua mpaka siku ya harusi. Somo wake, yaani wa kumfunda na kumtunza, alikuwa mama yetu mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa akisaga liwa, ule mti wa kunukia, na karafuu na waridi kavu, anamsinga dada kwa kumsugua mwili mzima, halafu anampaka mafuta ya nazi. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika bakuli.

Ndugu zangu, nilitaka niulizwe. Basi. Nilitaka dada anukie hivi mpaka watu waseme, nani katia kitu hiki, nami niinamishe kichwa. Asubuhi moja nikamimina kijiko changu chote kwenye chupa ya mafuta ya mama mkubwa, nikatikisa, nikanyamaza.

Siku ya pili yake mikono ya dada ikawa myekundu. Ikafanya malengelenge. Yalipokauka yakaacha michirizi myeusi kutoka kiwiko mpaka kiganja, kama mtu aliyemwagikiwa chai. Harusi ilikuwa imebaki wiki moja na siku mbili.

Mnajua maneno ya mtaani Nguvumali yanavyokwenda. Mmoja alisema liwa ilikuwa imeoza. Mwingine akasema mkono wa yule mama umeshazeeka. Nyumba moja iliyokuwa imemwomba awe somo wa binti yao ikatuma mtu kusema wamepata mwingine. Nami nilikuwa pale pale, nachambua mchele, nasikia. Kurasa za siku hizo ninazo humu daftarini. Siku tatu mfululizo nimeandika, "Kesho nitasema."

Siku ya nne nilimkuta mama mkubwa uani anamwaga waridi zake kwenye jaa. Waridi alizozianika mwenyewe tangu msimu wa kaskazi. Hakuwa analia. Alikuwa anakung'uta ungo taratibu, kama mtu anayemaliza kazi.

"Mama mkubwa," nikasema, "si waridi. Ni mimi. Nilitia mafuta ya ndimu kwenye chupa yako."

Akaniangalia sana. "Nilinusa ndimu siku ile," akasema. "Nikadhani jirani anapika achari."

Nikaanza kulia, yeye akaanza kucheka, na dada akatoka ndani kuja kuona kuna nini. Aliposikia akabadilika uso. Akasema na yeye ana lake: siku ile baada ya kupakwa alitoroka akaenda kukaa nyuma ya choo, jua la saa saba, apate mtandao aongee na mchumba wake. Alidhani jua limemwadhibu kwa kuvunja mwiko, kwa hiyo na yeye akanyamaza.

Tulimwita jirani yetu, yule dada muuguzi Mshambaa. Akasema ndimu peke yake isingemwunguza vile, na jua peke yake lisingemwunguza vile. Vilipokutana kwenye ngozi ndipo vikaunguza. Siri yangu na siri ya dada, mama zangu, zilikutana kwenye mkono mmoja.

Mama mkubwa hakunipiga. Alinifunga kanga, akanishika mkono tukaenda mpaka ile nyumba iliyomkataa. Mlangoni akanisogeza mbele yake. Mimi, ninayeshindwa hata kujibu darasani! Nikasema yote mbele ya wanawake kumi. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga, lakini ilitoka. Kabla hatujamaliza uji waliotukaribisha, walikuwa wamemrudishia bibi harusi wao.

Dada aliolewa na gauni la mikono mirefu, na wageni wakadhani ni fasheni. Michirizi imefifia, isipokuwa mmoja juu ya kifundo cha mkono. Huo huwa anawaonyesha wakwe zake, anasema, "Ni zawadi ya mdogo wangu."

Namshukuru yeye. Namshukuru muuguzi, na mwalimu wangu wa kemia aliyenionyesha kuyatoa mafuta kwa mvuke, ili kile kitu kizito kinachogombana na jua kibaki chunguni. Ndimu ya kukamua sipaki tena ngozi ya mtu. Na mama mkubwa, nitamshukuru vipi? Siku hizi kabla ya kusinga ananinyooshea chupa mbele ya watu wote na kuniuliza, "Humu mna nini chako?" Ndilo swali nililokuwa nalitamani, na sasa najibu.

Nililojifunza ni hili: ukitia kitu kwenye chupa ya mwenzio, hata kiwe kizuri namna gani, mwambie.

Napitisha chupa hii, mnuse. Ndani mna mafuta ya nazi, waridi za mama mkubwa, na maganda ya machungwa ya Muheza niliyoyavukiza mwenyewe. Hamna kingine.